Ngozi Kavu Wakati wa Kipupwe: Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Mvua za masika zikiisha kunyesha mwezi wa Mei, nchi yote ya Kajiado hubadilika. Mawingu mazito hufunika jua tangu asubuhi hata adhuhuri, upepo wa baridi huvuma katika mbuga za Athi na Kapiti bila kukuta msitu wa kuuzuia, na msafiri atokaye Kitengela kwenda Kajiado kwa barabara ya Namanga hufunga vifungo vyote vya koti lake. Huo ndio wakati wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ndio pia wakati ambapo watu wengi, wakubwa kwa wadogo, huanza kujikuna. Miguu hupauka ikawa kama iliyopakwa majivu, midomo hupasuka, visigino hufanya magaga, na usiku mtu hukosa usingizi kwa sababu ya mwasho wa miguuni na mgongoni.

Jambo hili huonekana dogo, walakini si dogo kwa aliyepatwa nalo. Karani asiyelala usiku hukosea hesabu zake mchana. Mkulima ambaye vidole vyake vimepasuka hukamua ng'ombe kwa maumivu. Mtoto akijikuna hata akatoka damu, vijidudu huingia katika vidonda vile, na baadhi ya vijidudu vya namna hiyo huweza kuleta ugonjwa wa mafigo. Zaidi ya hayo, fedha nyingi hupotea bure. Huyu hununua sabuni kali akidhani kwamba ni uchafu. Yule hununua dawa ya kusafisha damu akidhani kwamba damu yake imeharibika. Na mwingine humshuku jirani kuwa amemfanyia ubaya. Yafaa basi kila mwenye nyumba afahamu ukavu huu hutoka wapi, kwani dawa yake aghalabu imo nyumbani mwake, na bei yake ni ndogo.

ASILI YA UKAVU

Ngozi ya mtu ni kama ukuta wa mawe. Tabaka yake ya juu ni chembe ndogo ndogo zilizokwisha kufa, zilizopangwa kama mawe ya ukuta, na kati ya chembe hizo mna mafuta ya asili yanayozishika kama saruji ishikavyo mawe. Ukuta huo ukiwa mzima, maji yaliyo mwilini hayatoki ovyo, wala vijidudu vya nje haviingii. Mafuta yakipungua, ukuta hufanya nyufa. Hapo maji hutoka, chembe hukauka na kubanduka kama magamba, na mwasho huanza.

Baridi huharibuje ukuta huo? Hewa baridi haiwezi kubeba maji mengi. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selisiasi huweza kubeba maji mara tatu hivi kuliko hewa ya nyuzi 10. Na kwa kuwa miji ya Kitengela na Kajiado iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai huko hukaribia nyuzi hizo 10. Hewa hiyo iliyo na maji machache ikiingia nyumbani na kupata moto wa jiko, huwa kama yenye kiu, nayo hunyonya maji popote iyapatapo, hata katika ngozi ya mtu. Upepo nao huongeza kazi hiyo, kama ukaushavyo nguo zilizoanikwa kambani.

Walakini baridi peke yake si mkosaji. Mwanadamu huisaidia. Kwa kuwa anaona baridi, huoga maji ya moto sana, hujisugua mwili mzima kwa sabuni ya kufulia, kisha huota moto saa nyingi. Maji ya moto na sabuni huondoa mafuta ya ngozi kama yaondoavyo mafuta ya sufuria. Tena maji ya visima vingi vya mashine katika Kitengela na sehemu nyingine za Kajiado yana chumvi chumvi. Sabuni haitoi povu upesi katika maji hayo, kwa hiyo mwogaji huongeza sabuni, na mabaki yake hukaa juu ya ngozi kama utando, yakazidisha mwasho. Hivyo mtu hujiona mchafu, akaoga tena, na kila aogapo huzidi kuubomoa ukuta wake mwenyewe.

NAMNA YA KUOGA

Uponyaji huanza katika karai la maji. Maji yawe vuguvugu, si ya moto. Mtu akitia kiwiko cha mkono asione moto wala baridi, maji hayo yanafaa. Dakika tano hata kumi zatosha. Sabuni itumiwe makwapani, sehemu za siri za nje, miguuni, na mahali palipochafuka kwa kazi. Mikono, mapaja na mgongo huweza kuoshwa kwa maji matupu siku nyingi, isipokuwa siku ya vumbi au jasho jingi. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, lakini sabuni ya mche ina ukali wa namna ya magadi, ndiyo maana huivuruga. Sabuni laini isiyo na manukato ni bora zaidi. Kadhalika dodoki na jiwe la kusugulia viwekwe kando mpaka ngozi ipone.

Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, ushauri huu hauleti gharama, bali huipunguza, kwa maana maji machache hutosha. Maji ya mvua hayana chumvi ya visimani, na sabuni hutoa povu ndani yake upesi. Mwenye nyumba ya mabati awezaye kuweka tangi na mfereji wakati wa masika atakuwa na maji mazuri ya kuogeshea watoto kipupwe kifikapo. Asiye na tangi, ahakikishe tu kwamba sabuni yote imesuuzwa vizuri.

Baada ya kuoga, mtu asijifute kwa nguvu. Na aigandamize taulo juu ya ngozi taratibu, ngozi ibaki na unyevu kidogo. Kisha ajipake mafuta papo hapo, kabla ya dakika tatu kupita. Hapa ndipo watu wengi wakosapo. Huoga asubuhi, huvaa nguo, hunywa chai, ndipo hukumbuka mafuta wakati ngozi imekwisha kukauka. Mafuta hayaongezi maji mengi katika ngozi. Kazi yake ni kama kifuniko cha chungu, kuyazuia maji yasitoke. Mfuniko juu ya chungu kitupu haufai kitu. Kwa hiyo neno la kushika ni hili: maji kwanza, mafuta baadaye, na kati yake pasiwe na safari.

MAFUTA YAPI?

Wazee wa Kimaasai walijua tangu zamani kwamba ngozi hutaka mafuta. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana mkia mnene wenye mafuta, na mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu yalipakwa mwilini na vichwani kwa pambo. Samli nayo imetumiwa kupaka watoto katika nyumba nyingi za wafugaji. Hakuna sababu ya kuyadharau mafuta hayo yakiwa safi. Mafuta ya mkia hukatwa vipande vidogo, huyeyushwa juu ya moto mdogo, huchujwa kwa kitambaa safi, na kuwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Yakianza kunuka vibaya yatupwe, kwa sababu mafuta yaliyooza huwasha ngozi. Wala yasitiwe katika kidonda kibichi.

Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli ndiyo yanayozuia maji kuliko mengi mengine. Robert Chesebrough wa Marekani alipata hati ya serikali ya kuyatengeneza mwaka 1872, akayaita Vaseline, baada ya kuchunguza utando mzito uliowasumbua wachimba mafuta katika mitambo yao. Hayana manukato yakiwa ya namna ya kawaida, hayaozi upesi, na kopo dogo hudumu muda mrefu. Wafugaji wengi hutumia pia mafuta ya kukamulia, kama yale yaitwayo Arimis, ambayo yalikusudiwa chuchu za ng'ombe lakini yameingia katika vyumba vya kulala vya watu. Kazi yake ni ile ile. Ila kopo la zizini lisiwe ndilo la nyumbani, kwa maana vidole vya mkamuaji huacha uchafu ndani yake.

Mafuta ya nazi kutoka pwani yanafaa vile vile. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino waliwajaribu watu wenye ngozi kavu, wengine kwa mafuta ya nazi na wengine kwa mafuta ya madini, wakaona kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiasi cha kulingana. Na mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walitoa habari kwamba mafuta ya alizeti hayakuudhuru ukuta wa ngozi, bali mafuta ya zeituni yaliudhoofisha. Habari hiyo ni njema kwa mkulima, kwa sababu alizeti ni mafuta ya jikoni na ni rahisi kuliko zeituni. Yatumiwe yaliyo mapya, si yale yaliyokwisha kukaangiwa maandazi. Mwenye mba kichwani au usoni asipake mafuta ya mimea mahali hapo, kwani huweza kuyazidisha maradhi hayo.

Gliserini ni kitu kingine kipatikanacho dukani kwa bei ndogo. Hiyo huvuta maji. Ikipakwa peke yake wakati hewa ni kavu, huweza kuyavuta maji kutoka chini ya ngozi, na mtu akashangaa kuona anazidi kuwashwa. Dawa yake ni kuichanganya na maji safi, sehemu moja ya gliserini kwa sehemu mbili au tatu za maji, kuipaka juu ya ngozi yenye unyevu, kisha kuifunika kwa mafuta ya mgando.

Ama mshubiri, ambao Wamaasai huuita osukuroi, hutaka uangalifu. Jani likikatwa hutoa utomvu wa manjano ulio mchungu, na huo huwasha ngozi ya watu wengi. Jani lisimamishwe mpaka utomvu ule umekwisha kudondoka, lioshwe, limenywe, na ute mweupe wa ndani ndio utumiwe. Kwanza upakwe kidogo upande wa ndani wa mkono na kungojwa siku moja. Pasipotokea vipele, waweza kutumika. Hupoza mwasho, lakini haushiki maji muda mrefu, kwa hiyo nao wahitaji mafuta juu yake.

MIKONO, MAGAGA NA MIDOMO

Mwenye magaga na aloweke miguu katika maji vuguvugu dakika kumi hata kumi na tano wakati wa kulala, asugue taratibu kwa jiwe laini, aikaushe katikati ya vidole, apake mafuta ya mgando kwa wingi visiginoni, kisha avae soksi za pamba hata asubuhi. Akifanya hivyo kila usiku, nyufa zitaanza kufunga. Asikate magaga kwa wembe. Hasa mwenye ugonjwa wa sukari asithubutu, kwa maana kidonda kidogo mguuni mwake huweza kumletea kukatwa mguu.

Mkamuaji na mwosha vyombo wapake mafuta kila baada ya kunawa, si mara moja kwa siku. Midomo isilambwe, mate hukauka upesi na kuzidisha mpasuko. Sweta la sufu na blanketi lisiguse ngozi yenye mwasho, bali vazi la pamba litangulie ndani. Kucha za watoto zikatwe fupi. Mwasho ukizidi usiku, kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi na kukamuliwa, kikiwekwa mahali pale dakika chache, hutuliza kuliko kucha. Kunywa maji ni kuzuri kwa mwili wote, lakini mtu asidhani kwamba vikombe vingi vya maji peke yake vitaponya miguu iliyopauka.

Tena kuhusu moto. Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu waliolala nayo wameonekana wamekufa asubuhi. Na aliyejipaka mafuta mwili mzima asikae karibu na mwali, kwa sababu nguo na mashuka yaliyonyonya mafuta hushika moto upesi.

VITU VYA KUEPUKA

Mafuta ya taa, dawa ya kung'arishia nguo, magadi, dawa ya meno na maji ya betri havina kazi juu ya ngozi ya mtu. Maji ya limau nayo huunguza ngozi iliyopasuka, na mtu akienda juani nayo huweza kupata malengelenge na madoa meusi. Vile vile ajihadhari na vikopo viuzwavyo sokoni bila maandishi ya kueleza kilichomo. Vingine vina zebaki, ambayo hudhuru mafigo na mishipa ya fahamu. Mataifa yalipofanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013 yalikubaliana kuiondoa katika vipodozi. Vingine vina dawa kali ya steroidi. Hiyo hutuliza mwasho siku chache, ndipo watu huisifu. Lakini ikitumiwa muda mrefu bila daktari, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, na maradhi hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

MWASHO USIO WA BARIDI

Hili ndilo neno la kuangaliwa kuliko yote. Si kila mwasho wa Julai ni wa baridi. Ikiwa mwasho huzidi sana usiku, tena una vipele katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri, na watu wawili au watatu wa nyumba moja wanao, huo aghalabu ni upele. Upele huletwa na mdudu mdogo sana achimbaye ngozini, na mafuta ya nazi hayamwui. Shirika la Afya Duniani liliutia upele katika hesabu ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwaka 2017, kwa kuwa huwatesa watu wengi na dawa yake ipo. Wakati wa baridi watoto hulala pamoja chini ya blanketi moja, na mdudu huyo hupata njia rahisi. Dawa hutolewa zahanati, nayo sharti ipakwe na watu wote wa nyumba siku moja, hata wale wasiojikuna. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko siku tatu au zaidi. Akitibiwa mtoto peke yake, wiki chache baadaye ataambukizwa tena na nduguye, na mama atasema dawa ni mbovu.

Duara lenye ukingo ulioinuka ni choa, nacho kina dawa yake. Mtoto awashwaye kila mwaka katika mikunjo ya viwiko na magoti, tena ana pumu au mafua yasiyokwisha, huenda ana ukurutu wa kurithi. Mafuta humsaidia sana, lakini yafaa daktari amwone. Mzee awashwaye mwili mzima bila kipele chochote, naye amekonda, au ana kiu na kukojoa mara nyingi, au macho yake yamekuwa ya manjano, asipake mafuta na kungoja Septemba. Mwasho wa namna hiyo huweza kuwa tangazo la ugonjwa wa sukari, wa mafigo au wa ini. Na mtu yeyote aonaye usaha, uvimbe, homa, au mtoto ambaye mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi baada ya vidonda vya ngozi, aende hospitali siku ile ile.

Kwa wengine wote kipimo ni chepesi. Mtu na afuate taratibu hii wiki mbili: maji vuguvugu, sabuni kidogo, mafuta papo hapo asubuhi na jioni. Ikiwa ni ukavu wa kipupwe, kwa kawaida atalala vizuri kabla ya wiki hizo kwisha. Asipopata nafuu, asibadilishe mafuta ya pili na ya tatu na ya nne. Abadilishe njia, aende zahanati akaonyeshe ngozi yake. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kopo la mafuta ya mgando ni saruji ya bei ndogo sana ukilinganisha na gharama za siku kumi za hospitali.